Tepu ya Wodi ya Watoto

Kofia iligoma kuingia. Fundi aliivuta kushoto, akaivuta kulia, akalowesha kidole kwa mate na kulaza nywele chache zilizosimama juu ya sikio la mwanawe, akajaribu tena. Ikapanda hadi nusu ya paji la uso, ikasimama hapo kama kifuniko kilichoazimwa kwenye chupa nyingine. Mtoto akakunja uso. Fundi akaivua, akaigeuza ndani nje, akaanza kuukagua mshono.

Haikuwa kofia ya kununua. Aliishona mwenyewe kwa mkono, kwa kipande cha fulana ya baba mtoto, akiwa amekaa juu ya kitanda namba tisa, siku ya tatu baada ya upasuaji. Na kwa kuwa miaka kumi na minne alikuwa anakula kwa sindano, hakushona kwa kukisia. Upande wa kulia aliachia nafasi ya kutosha kuingia yai, kwa ajili ya nundu ya maji iliyokuwa chini ya ngozi ya kichwa. Sasa nundu ilikuwa imenywea, leo siku ya nne tangu ilale. Kofia ilipaswa kumpwaya mtoto, imfike puani. Badala yake ilikuwa inambana.

"Umeifua kwa maji ya moto," alisema jirani yake wa kitanda namba kumi, mama mnene mwenye cheko la karibu, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Redio kwa sababu habari zote zilianzia kwake. "Pamba ikiona maji ya moto inarudi."

"Sijaifua hata mara moja."

"Basi Bosi amenenepa kichwa. Wangu amenenepa mashavu, wako kichwa, kila mtu na riziki yake."

Fundi alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, akabaki ameishika kofia.

Bosi ndilo jina alilopewa mtoto kwa jinsi alivyokuwa akiamrisha nyumba nzima kwa sauti tangu siku ya kwanza. Alipofikisha wiki sita sauti hiyo ilikatika. Homa ya uti wa mgongo. Sindano zilimrudisha, lakini ugonjwa ulipoondoka uliacha njia za maji ya kichwani zimeziba, maji yakawa yanajaa ndani na kichwa kinakua. Daktari wa upasuaji alimchorea Fundi picha nyuma ya fomu.

"Dawa ya kudumu ni mrija kutoka hapa kichwani mpaka tumboni," alisema. "Lakini maji yake bado machafu, yana mabaki ya usaha. Nikimwekea leo utaziba, au utabeba ugonjwa kuupeleka tumboni. Kwa hiyo nitamwekea mrija mfupi. Utatoa maji ndani ya fuvu, utayamwaga kwenye mfuko nitakaoufungua chini ya ngozi ya kichwa, na mwili utayanyonya taratibu. Ni wa muda, mama. Wiki kadhaa, mpaka maji yawe safi."

"Kama mfuko wa ndani wa koti," Fundi alisema.

Daktari akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waanze kuzungumza. "Eeh. Kama huo."

Na kabla ya kuondoka akasema maneno ambayo Fundi aliyashika neno kwa neno, kama anavyoshika vipimo vya mteja: mfuko ukilala na kichwa kisiongezeke, tutashukuru. Mfuko ukilala na kichwa kikaendelea kukua, mrija umeziba, maji yanaukandamiza ubongo, na hapo hatungoji hata siku moja.

Nundu ilikuwa imelala. Mama mkwe, ambaye wiki mbili zilizopita alikuwa akimfunika mjukuu kitambaa kila mgeni anapopita, alikuwa ameshapiga simu kwa ukoo mzima kutangaza kwamba mtoto amepona na kichwa kimekuwa kama cha watu.

*

Saa nne Sista alikuja na daftari na tepu. Alikuwa zamu peke yake tangu asubuhi, watoto ishirini na sita, na alitembea kama mtu anayesukumwa mgongoni. Akaizungusha tepu kichwani mwa Bosi, juu kidogo ya nyusi, nyuma mahali palipochomoza, akabana kwa kidole gumba.

"Arobaini na nne."

"Ileile ya wiki iliyopita?"

"Ileile. Kimetulia. Alhamisi daktari akipita atakuandikia ruhusa. Utarudi baada ya mwezi kwa picha."

"Sista, kofia haimwingii."

"Kofia?"

"Hii. Niliishona wakati nundu ipo. Sasa nundu haipo na haiingii. Na tangu juzi analala sana, nikimwamsha anyonye anatapika."

Sista alikuwa ameshageukia kitanda namba kumi. "Mama, watoto wanatapika. Mimi napima kwa tepu, sipimi kwa kofia. Namba si zinaonekana hapa? Arobaini na nne, arobaini na nne, arobaini na nne. Wewe ni fundi wa magauni. Ningekuja dukani kwako nikakufundisha kukata gauni, ungekubali?"

Mama mmoja upande wa dirishani akacheka. Si kicheko kibaya, kicheko cha mtu anayeshukuru kwamba leo si zamu yake ya kusemwa. Lakini Fundi alihisi masikio yanamchemka. Akajikunja juu ya kitanda akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Ilikuwa wakati huo, akiwa ameinamisha kichwa, ndipo alipoiona ile tepu vizuri. Sista alikuwa ameitupa juu ya shuka aandike. Haikuwa tepu ya karatasi, zile nyembamba za kutumika mara moja na kutupwa, ambazo walimpimia Bosi siku ya upasuaji na siku mbili zilizofuata. Hii ilikuwa tepu ya kitambaa, kama za mafundi. Ilikuwa njano zamani. Sasa ilikuwa na rangi ya jino la mzee, laini kama kamba ya kiatu, na ilinuka dawa ya kusafishia sakafu.

"Sista, hii tepu mnaifua?"

"Tunailoweka kwenye dawa kila baada ya mtoto. Ulitaka tuwaambukize?" Akaichukua, akaenda zake.

Fundi akaifuata tepu kwa macho. Kitu kilikuwa kinamjia, polepole, kama uzi unaotafuta tundu la sindano.

Miaka kumi na mitatu nyuma, akiwa bado mwanafunzi, aliwahi kushona sare kumi na mbili za kwaya. Aliwapima waimbaji kwa tepu kuukuu ya mwanafunzi mwenzake, akaenda kukata kwa rula ya mbao ya mezani. Sare zote kumi na mbili zikabana. Kina mama walisimama mbele ya watu vifungo vikiwa vimekaza kama ngoma, mmoja akakataa hata kuimba. Fundi alilia, akasema aliwapima sawasawa. Mwalimu wake wa ushonaji, bibi mmoja asiye na masihara, alichukua tepu ile akailaza juu ya rula. Ikapita mwisho wa rula kwa upana wa vidole viwili.

"Imevutika," bibi alisema. "Tepu ya kitambaa ikilowa na kuvutwa, ikilowa na kuvutwa, inarefuka. Inakuambia mtu ni mwembamba kuliko alivyo. Kupima kwa moja na kukata kwa nyingine ni kumvalisha mteja uongo wako. Kila mwaka mpya unalaza tepu kwenye rula. Ikizidi, unaikata vipande. Huipi hata mtoto achezee."

Siku ya upasuaji Bosi alipimwa kwa karatasi, ikaja arobaini na nne. Karatasi zikaisha. Ikaingia ya kitambaa, ikaja arobaini na nne. Hakuna aliyejiuliza kama hizo zilikuwa arobaini na nne mbili tofauti.

*

"Rula?" mumewe aliuliza simuni. "Ile ya mbao? Ndefu?"

"Ile ya mita. Iko nyuma ya cherehani. Na tepu yangu mpya, kwenye droo ya vifungo."

"Fundi, hapo ni hospitali. Wamesema mtoto anatoka Alhamisi, mama ameshasambaza habari kwa kila mtu. Sasa unataka rula ukashone nini?"

"Baba Bosi, nakuomba kitu kimoja. Usiniulize mbele ya watu, njoo nayo."

Mumewe alikuwa mpaka rangi, mtu wa ngazi na brashi, mpole mpaka watu walimdhania mjinga. Saa saba, saa ya kutazama wagonjwa, alifika getini na ovaroli yenye madoa ya kila rangi, chungwa moja mkononi lisilojulikana alilipata wapi, na rula ya mita begani kama bunduki.

"Hiyo ni ya kumchapa nani?" aliuliza mlinzi.

"Ni ya mke wangu."

"Unamchapa mke wako hospitalini?"

"Hapana, ni mali yake. Yeye ndiye aliyeiagiza."

"Basi wewe ndiye unayekwenda kuchapwa. Pita."

Alifika kitandani jasho linamtoka, akaiingiza rula chini ya godoro haraka kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, na chupa ya uji.

"Mwanangu, mbona unamtafutia mtoto ugonjwa?" alisema akikaa. "Tumelia hapa, tumefunga na kuomba. Nundu imeondoka. Kuna mama kwenye benchi la kliniki alimhamisha mwanawe alipotuona, umesahau? Leo tunaweza kumbeba kichwa wazi, wewe unasema bado."

"Mama, sijasahau." Fundi alimweka Bosi mapajani kwa bibi yake. "Weka mkono hapa utosini. Taratibu."

Mama mkwe aliweka. Alikuwa amelea watoto saba, mkono wake ulijua utosi wa mtoto unavyotakiwa kuwa: laini, unaopumua. Akaunyanyua mkono. Akauweka tena. Utosi ulikuwa mgumu, umevimba. Akaanza kufungua kifuniko cha chupa ya uji na kukifunga, kukifungua na kukifunga.

Fundi alimzungushia mtoto tepu yake mpya. Mumewe akainama kusoma. Arobaini na tano na nusu.

"Labda umelegeza," alisema.

"Pima wewe."

Akapima, vidole vikubwa vyenye rangi ya bluu kwenye kucha. Arobaini na tano na nusu.

Walimwita Sista. Sista alisikiliza akiwa amesimama, kalamu mdomoni, akasema tepu za dukani hazitambuliki hospitalini, kwamba kila mama akija na kipimo chake wodi itakuwa soko, na kwamba kama wana shaka wamwambie daktari keshokutwa. Fundi akasema daktari mwenyewe alisema hatungoji hata siku moja. Sista akasema daktari yuko chumba cha upasuaji, na mtu hatoki huko kwa sababu ya kofia.

Baba Bosi akakohoa. "Sista, samahani. Tunaweza kukaa mlangoni tukamsubiri akitoka?"

"Mlangoni kuna mlinzi."

"Walinzi wa hapa tumeshajuana," alisema mpaka rangi.

*

Walisubiri saa mbili na nusu kwenye korido ya chumba cha upasuaji, Fundi na mtoto na rula. Mumewe alirudi kazini kwa kuwa tajiri wake alikuwa amempa saa moja tu. Juu ya mlango wa korido kulikuwa na kibao cha marumaru chenye tarehe na majina ya waliozindua jengo. Fundi alikikumbuka kibao hicho kabla hakijapata vumbi. Ndiye aliyeshona vitambaa vya viti mia mbili vya wageni, ndiye aliyewakatia utepe mwekundu wa hariri, mita kumi na mbili, upinde kila ncha. Mita kumi na mbili za utepe wa kukatwa mara moja kwa mkasi mpya na kutupwa. Walipiga makofi, wakala, wakaondoka. Jengo likaachiwa Sista mmoja, watoto ishirini na sita, na tepu iliyokufa.

Mlango ulipofunguka, Daktari alitoka akiwa bado na kofia ya kijani, macho mekundu kwa uchovu. Fundi alisimama.

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa kitanda tisa. Mfuko wa ndani wa koti."

Daktari alipunguza mwendo, hakusimama. "Mama, Alhamisi napita wodini."

"Sikuombi umpime mtoto. Naomba upime tepu."

"Tepu?"

"Ya wodi. Ilaze juu ya rula hii. Ikiwa sawa, nachukua mwanangu naondoka leoleo, sitakusumbua tena."

Sijui kama ni rula iliyomsimamisha au ni uchovu. Watu wa upasuaji wanaheshimu vyombo. Alimtazama mtoto aliyelala begani mwa mama yake, akageuka, akaingia wodini mbele yao.

Sista alikabidhi tepu. Kina mama walikuwa wameshasogea, Mama Redio mbele. Fundi alilaza rula juu ya kitanda, akaweka ncha ya tepu kwenye sifuri, akainyoosha bila kuivuta, kwa kiganja, kama anavyolainisha kitambaa kabla ya kukikata.

"Tafadhali soma wewe, Daktari. Mimi ni fundi wa magauni."

Mwisho wa rula ulikuwa mita moja. Juu ya tepu, mahali hapo palipoishia rula, palisomeka tisini na sita na nusu.

Kwa kila mita, tepu ilikuwa inaficha sentimita tatu na nusu. Daktari aligusa utosi wa Bosi. Akamwinua, akatazama macho yake, jinsi yalivyoelekea chini kama jua linalozama nyuma ya kope. Akachukua tepu ya Fundi, akapima, akaandika mwenyewe kwenye daftari, chini ya zile arobaini na nne zilizopangwa mstari.

"Amenyonya saa ngapi?"

"Saa tano. Akatapika yote."

"Usimpe kitu. Sista, niitie mtu wa dawa ya usingizi. Huyu anarudi sasa hivi."

"Daktari, orodha ya leo imejaa..."

"Sasa hivi, Sista."

Mama Redio alifungua mdomo kutangaza, akakuta hana la kutangaza ambalo wote hawajaliona. Akamvua Fundi mkoba begani, akamshikia.

*

Mtoto akiwa ndani, Fundi alikaa kwenye kitanda namba tisa kilichobaki wazi, rula mapajani. Alikuwa ameyaandaa maneno ya kumwambia yule Sista. Maneno yenye makali, alikuwa ameyanoa tangu asubuhi ya kicheko cha dirishani.

Sista alikuja mwenyewe. Hakukaa. Alimwonyesha karatasi tatu kutoka kwenye droo ya meza yake, nakala za barua za kuomba vifaa. Tepu za karatasi, boksi tano. Tarehe ya kwanza ilikuwa miezi saba iliyopita. Kila moja ilikuwa na muhuri wa kupokelewa, na hakuna hata moja iliyokuwa na jibu.

"Hii ya kitambaa niliileta kutoka nyumbani," alisema. "Ilikuwa ya marehemu mama yangu. Nilifikiri nasaidia."

Maneno yale makali yakamwishia Fundi. Hakumsamehe papo hapo, tusidanganyane, kuna kicheko ambacho hakiondoki siku moja. Lakini alizitazama barua zile na mihuri ile mizuri ya mviringo, akaona hasira yake ilikuwa imegonga mlango wa karibu tu. Wenye kosa walikuwa mbali, juu, kwenye ofisi zenye mapazia.

"Niachie barua moja," alisema.

"Utaifanyia nini?"

"Mume wangu anapaka kuta na kuandika maandishi ukutani. Ana mwandiko mkubwa."

Sista akashtuka, kisha ukampita mdomoni mfano wa tabasamu. Akaiacha barua moja juu ya shuka.

Daktari alitoka saa kumi na mbili kasoro. Mrija ulikuwa umeziba kwa ute mzito, alisema, na walipoufungua maji yalitoka kwa nguvu. Ameweka mwingine, ameupanua mfuko. Ni wa muda tena. Kama maji yatasafika, mwezi ujao watazungumzia ule wa kudumu.

"Amepoteza kitu?" Fundi aliuliza.

Daktari angeweza kusema hapana. Alikuwa amechoka, na hapana ni neno fupi. "Sijui, mama. Tutajua akianza kukaa, akianza kushika vitu. Ungengoja mpaka Alhamisi, ningekuwa najua, na jibu lingekuwa baya. Ungerudi baada ya mwezi, nisingekuwa na cha kukuambia."

Akaanza kuondoka, akarudi. "Hiyo tepu imetumika tangu lini?"

"Wiki mbili," alisema Sista.

"Watoto wangapi wameruhusiwa kwa namba zake?"

Sista hakuhitaji kufungua daftari. "Wanne."

Fundi alitoa mkasi mdogo kwenye mkoba. Alimtazama Sista, na Sista akatikisa kichwa kukubali. Fundi akaikata tepu vipande vipande, kila kimoja kifupi kiasi kwamba hakiwezi kuzunguka hata kidole. Kipande cha mwanzo, chenye bati lililofifia kwenye ncha, alimpa Sista akaweke. Kilikuwa cha mama yake.

Kisha wakakaa pamoja kwenye meza ya wodi, daftari katikati yao. Sista akapiga namba ya kwanza, ya mama aliyekuwa kitanda namba mbili. Simu ikaita muda mrefu.

"Haloo, mama. Ni Sista wa wodi ya watoto. Hapana, usiogope, sikiliza. Mtoto yuko hapo?" Hakujua aanzie wapi. Alimtazama Fundi, na Fundi akanyanyua ile kofia iliyokuwa juu ya meza, akaishika wazi kwa mikono miwili.

"Mama," alisema Sista, "kofia aliyokuwa amevaa mlipotoka hapa. Bado inamwingia?"

Upande wa pili simu iliwekwa chini. Wakasikia hatua za mtu anayekwenda kuitafuta.